Kuandaa ndege ndogo ya rimoti kabla ya kuirusha

Anza na mizani ya mbele na nyuma, maana ndege mpya nyingi huanguka kwa sababu hiyo. Funga betri mahali pake, kisha inua ndege kwa ncha za vidole viwili chini ya mabawa, robo hadi theluthi ya upana wa bawa kutoka ukingo wa mbele. Kijitabu chake kikitaja kipimo, fuata hicho. Ikae sawa, au pua iiname kidogo. Mkia ukizidi uzito, ndege itanyanyua pua, itakosa kasi na kujibwaga. Sogeza betri mbele kabla hujafikiria kuongeza kipande cha risasi (madini mazito) puani.

Vua propela. Washa rimoti kwanza, kijiti cha gesi (cha nguvu ya mota) kikiwa chini kabisa, ndipo uunganishe betri ya ndege. Kuzima ni kinyume. Simama nyuma ya ndege. Ukivuta kijiti cha mkia kuja kwako, kibao cha mkia, kile kinachosogea nyuma yake, kipande. Ukisukuma cha mabawa kulia, kibao cha bawa la kulia kipande, cha kushoto kishuke. Kikienda kinyume, geuza chaneli hiyo (njia ya amri ya kibao hicho) kwenye rimoti.

Betri ya lipo (lithiamu-polima) ya seli 3 ikijaa husoma volti 12.6. Weka taimu ya dakika 5 kwa kuanzia, na utue kabla seli haijafika volti 3.5.

Rudisha propela, kisha rusha ukielekea upepo, mota karibu nguvu zote. Itupe mbele, si juu. Ikigeuka kuja kwako, kulia na kushoto hubadilishana: sukuma kijiti upande wa bawa lililoinama.