Somo: Kubadili saa za soko la sarafu za kidijitali kuwa saa za Tanga

Soko la sarafu za kidijitali halifungwi usiku wala Jumapili, na kwa kuwa halina nchi moja, matangazo yake mengi huandikwa kwa saa za UTC, yaani saa za kimataifa zinazotumika kama kipimo cha saa za nchi zote. Sisi tulioko Tanga tuna kazi mbili: kuongeza saa 3, kwa sababu saa za Afrika Mashariki ziko mbele ya UTC kwa kiasi hicho, kisha kuhama kutoka hesabu inayoanzia usiku wa manane kwenda hesabu yetu ya saa moja asubuhi. Kwa maoni yangu, kazi ya pili ndiyo inayowaponza wengi.

Hatua ya kwanza ni kujua chati yako inasoma saa za wapi. Kwenye TradingView, tovuti ya chati za bei, utaziona chini ya chati, upande wa kulia, na unaweza kuzibadili.

Hatua ya pili ni kuongeza 3, na jumla ikifika 24 au kuzidi, uitoe 24 na kusogeza tarehe siku moja mbele. Kwa mfano, 22:00 UTC ya Jumatatu ni 01:00 ya Jumanne hapa kwetu, yaani saa saba usiku.

Hatua ya tatu ni njia ya mkato ninayoipenda: kutoka UTC moja kwa moja hadi saa ya Kiswahili, toa 3 (ni sawa na kuongeza 3 kisha kutoa 6). Hivyo 13:30 ni saa kumi na nusu jioni, na 16:00 inakupa 13, ambayo ukiipunguza 12 inakuwa saa moja jioni. Njia hii haikuambii kama ni mchana au usiku, kwa hiyo liandike neno hilo kila mara.

Sasa tuitumie hesabu hiyo mahali inapogusa fedha. Katika masoko mengi kendo ya siku, yaani mchoro wa mwenendo wa bei ya siku nzima, hufungwa 00:00 UTC (ihesabu kama 24), ambayo ni saa tisa usiku kwetu. Anayeitazama saa sita usiku na kuamua kwamba bei imefunga juu ya kiwango fulani anaihukumu kendo iliyobakiza saa tatu nzima, na katika saa hizo bei inaweza kugeuka kabisa. Malipo ya mikataba isiyo na ukomo nayo, yaani yale ambayo wanunuzi na wauzaji wa mikataba isiyo na tarehe ya mwisho hulipana, katika masoko mengi, hufanyika 00:00, 08:00 na 16:00 UTC: saa tisa usiku, saa tano asubuhi na saa moja jioni.

Hatua ya nne ni Marekani, ambako saa husogezwa mbele Jumapili ya pili ya Machi na kurudishwa Jumapili ya kwanza ya Novemba, ilhali Tanzania haibadili saa zake.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwalimu, shikamoo. Alamu yangu ya takwimu za mfumuko wa bei za Marekani ilikuwa sahihi Februari, lakini Machi ikachelewa kwa saa nzima. Kwa nini? (Makorora)

Marahaba. Takwimu hizo hutolewa saa 8:30 asubuhi za New York. Majira ya baridi hiyo ni 13:30 UTC, saa kumi na nusu jioni kwetu. Baada ya saa kusogezwa ni 12:30 UTC, saa tisa na nusu alasiri. Weka kikumbusho kwenye kalenda ya simu kwa saa za New York, si za Tanga, na simu itafanya hesabu yenyewe.

Malipo ya wachimbaji wa Bitcoin yalipunguzwa nusu tarehe 19 au 20 Aprili 2024? (Chumbageni)

Zote mbili ni sahihi, ndugu yangu. Bloku ya 840,000, yaani fungu la miamala ambalo malipo hayo yalianza kupungua kwalo, ilichimbwa 00:09 UTC ya tarehe 20. New York ilikuwa bado jioni ya tarehe 19, nasi tulikuwa saa tisa na dakika tisa, usiku wa kuamkia Jumamosi.

Faili la miamala linasema niliuza 30 Juni, nami nakumbuka ilikuwa 1 Julai. (Pongwe)

Angalia saa iliyoandikwa kando ya tarehe, dada. Ikiwa faili ni la UTC, muamala wowote wa kuanzia 21:00 UTC, kwa saa zetu umeangukia siku inayofuata. Ongeza safu ya pili yenye saa za hapa, lakini ile ya awali usiifute, kwa maana ndiyo utakayoilinganisha na kumbukumbu za soko ikitokea hitilafu.