Umekuta vidonge vya majira kwenye begi la binti yako? Kaa chini kwanza

Mzazi mwenzangu, najua mikono inatetemeka saa hizi. Mi mwenyewe nilikuta pakiti ya binti yangu wa miaka 16 imefichwa kwenye kipochi cha kalamu, vidonge 9 vimeshatolewa, lakini cha Alhamisi kimerukwa, kipo palepale. Nilitaka kuitupa chooni. Sikuitupa, na baadaye ndo nikaja kuelewa kwamba hicho cha Alhamisi ndo kilitakiwa kunitia wasiwasi kuliko vyote.

Kwa hiyo la kwanza, usimnyang'anye. Kama anafanya mapenzi halafu unamkatia katikati ya pakiti, umemuacha bila kinga yoyote, na hatakwambia kitu tena mpaka tumbo liseme lenyewe. Subiri muwe wawili tu, simu za mashangazi ziache kwanza. Mwambie "nimeviona, vya nini mwanangu?" halafu nyamaza. Hapo kwenye kunyamaza ndo wengi tunafeli, mi nilidumu kama dakika moja hivi nikaanza kufoka, ikabidi nirudi kesho yake kuomba msamaha.

Jibu linaweza kukushangaza. Wapo mabinti wanaandikiwa hivi vidonge na daktari kwa sababu maumivu ya hedhi yanawalaza kitandani, au damu inatoka nyingi mpaka wanaishiwa damu mwilini, wengine ni chunusi tu. Ila kama kuna mwanaume, uliza taratibu ana umri gani na kama anamlazimisha, maana mtu mzima anayemchezea mtoto hiyo ni kesi nyingine kabisa na vidonge visikufumbe macho.

Sasa umruhusu au umkatalie? Mi nasema kama ameshaanza mambo ya mapenzi au unaona anaelekea huko, ruhusu, ila kupitia kwa daktari au nesi. Hata Shirika la Afya Duniani linasema umri peke yake sio sababu ya kitabibu ya kumnyima kijana njia ya uzazi wa mpango. Na ile hadithi kwamba akivitumia hatazaa, achana nayo, akiacha kumeza uwezo wa kushika mimba unarudi. Vidonge hivi viliruhusiwa Marekani kwa kuzuia mimba tangu 1960, wengi waliovitumia enzi hizo saa hizi ni mabibi wenye wajukuu.

Mkienda kliniki msifiche kitu. Semeni kama anaumwa kipandauso, hasa kile ambacho kabla hakijaanza anaona vimulimuli, kama ana presha au shida ya ini, kama yeye au mtu wa familia amewahi kupata damu kuganda kwenye mishipa, maana vile vidonge vya homoni mbili (estrojeni na projestini kwenye kidonge kimoja) huenda visimfae na kuna njia zingine. Semeni pia dawa anazotumia, kwa mfano rifampicin ya kifua kikuu na baadhi ya dawa za kifafa zinapunguza nguvu ya vidonge. Halafu we toka nje kidogo, muache aongee na daktari peke yake, kuna maswali hatayauliza umekaa hapo pembeni (inauma lakini toka).

Tukirudi kwenye ile Alhamisi. Vidonge vikimezwa bila kukosea, kwa mwaka wanaopata mimba hawafiki hata mmoja kati ya wanawake 100, ila kwa maisha ya kweli ya kusahausahau wanaopata wanafika kama 7 mpaka 9. Pakiti nyingi za homoni mbili zina vidonge 28, 21 vina dawa na 7 ni vitupu vya kumsaidia asipoteze hesabu. Akisahau kimoja ameze akikumbuka tu, hata kama siku hiyo atameza viwili. Akisahau viwili mfululizo au zaidi, ameze kimoja hapohapo, aendelee kama kawaida, atumie kondomu mpaka afikishe siku 7 za kumeza bila kuruka, na ampigie nesi maana anaweza kuhitaji vidonge vya dharura. Vile vya homoni moja vina masharti makali zaidi kuhusu saa ya kumeza, aulize. Kama unaona kabisa mtoto wako ni msahaulifu, ulizieni kijiti, hicho kinakaa mkononi miaka na hakuna cha kukumbuka.

Na kondomu iendelee kuwepo, vidonge havizuii Ukimwi wala kisonono.

Miezi mitatu ya mwanzo anaweza kuwa na kichefuchefu, matiti kuuma, matone ya damu, mara nyingi yanaisha yenyewe. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, kifua kubana, pumzi kukata au kichwa kuuma kwa namna ambayo hajawahi kuona, hiyo ni hospitali saa hiyohiyo, msisubiri asubuhi.

Sisi tuliweka alamu kwenye simu yake, saa 3 usiku, akaipa jina "Hesabu" ili rafiki zake wasishtukie. Alhamisi iliyofuata ikalia tukiwa mezani, mdogo wake akauliza hesabu gani usiku huu, binti akanitazama, akanyanyuka kwenda kuchukua maji.