Kuvua kambare Texas kwa anayeanza

Wadau wa Houston na Dallas mnaouliza pa kuanzia, achaneni na samaki anayeitwa bass kwanza. Najua Texas nzima inamuimba, na kwenye ziwa la Lake Fork watu wanatoka mbali kumfuata, ila yule ana maringo, mgeni utarudi mikono mitupu wiki tatu mfululizo. Anza na kambare.

Hatua ya 1: leseni. Kuanzia miaka 17 lazima uwe nayo, hata Walmart wanauza. Angalia tarehe maana ile ya kawaida inaisha 31 Agosti, mimi mwaka wa kwanza nilinunua Julai nikajiona mjanja kumbe mwezi mmoja tu imekufa. Kama hutaki gharama nenda kwenye state park (hifadhi ya jimbo), ukivua toka ukingoni humo ndani hawadai leseni, unalipa kiingilio basi.

Hatua ya 2: mahali. Vile vibwawa vya kwenye paki za mjini visikudanganye kwa udogo, vingi jimbo linamwaga kambare humo. Kwenye vibwawa hivyo fimbo mwisho mbili, kambare mwisho watano kwa siku. Kiangazi nenda jua likizama.

Hatua ya 3: funga zana. Pitisha chubwi (kile kizito cha kuzamisha) kwenye mshipi iteleze yenyewe, chini yake funga kipete kinachozunguka, halafu kipande cha mshipi kama futi moja na nusu na ndoano ya duara, ile ncha yake imegeukia ndani. Chubwi ikiteleza kambare anaondoka na chambo bila kusikia uzito.

Hatua ya 4: chambo. Maini ya kuku, hamna zaidi. Shida yake ni laini, ukirusha tu yanaruka kivyake na ndoano inaangukia kwake, kwa hiyo chukua uzi wa kushonea uyafunge kwenye ndoano kwa kuzungusha mara sita saba hivi, ncha ya ndoano iachwe nje. Yakae kwenye barafu, yakipata joto yanakuwa uji.

Hatua ya 5, hapa ndo wengi tunaharibu. Sisi tuliokulia ziwani ukidonolewa unashtua mshipi kwa nguvu, sasa ndoano ya duara ukiishtua inachomoka mdomoni, mimi nimepoteza watatu jioni moja huku mzee wa pembeni anacheka. Subiri fimbo iiname kabisa, kisha zungusha rili taratibu, anajinasa mwenyewe kwenye pembe ya mdomo.

Hatua ya 6: kumshika. Sharubu hazina neno, mwiba ndo kazi, upo mmoja mgongoni na mmoja kila ubavu. Mpitishie kiganja kwa chini tumboni, vidole vikae nyuma ya ile miba ya ubavuni. Wadogo ndo wanachoma zaidi jamani, usiwadharau.

Nyumbani hana magamba, mkate ngozi kuzunguka shingo uivute kwa koleo. Ile nyama nyekundu ya ubavuni itoe yote, shombo lote liko pale, halafu ndimu na chumvi nusu saa kabla ya kukaanga.