Vidung'ata kwenye pilipili manga: shughulikia sisimizi kwanza

Ukiona sisimizi wakipanda na kushuka kwenye mpilipili manga, fuata wanakoelekea. Chini ya majani na katikati ya vishada utakuta vidung'ata, wadudu wadogo weupe kama nyuzi za pamba. Wao hufyonza utomvu na kutoa maji matamu. Sisimizi huyalamba, na kwa ajili yake huwalinda vidung'ata dhidi ya maadui. Mkulima wa Vihiga au Kakamega akipiga dawa na kuwaacha sisimizi, wadudu watarudi.

1. Kagua hadi mizizini. Fukua udongo kwa vidole, si kwa jembe, maana mizizi iko juujuu. Unga mweupe ni vidung'ata. Shina jeusi lililolainika ni ugonjwa wa kuoza. Dawa ya hatua ya 4 haitausaidia.

2. Kata vitawi vilivyojaa, uchome.

3. Wazibie sisimizi njia. Hapa ndipo kazi huharibika. Mpilipili umeshikamana na mgrevilea, mti unaoupanda, kwa hiyo ukifunga mti peke yake, watapitia kwenye mmea. Funga vyote viwili pamoja, nusu mita hivi kutoka chini. Ziba kwanza mianya kwa matambara, kwa kuwa sisimizi hupenya chini ya plastiki iliyolegea. Zungushia plastiki, kisha paka grisi juu ya plastiki tu, isiguse shina. Kamba usiikaze sana, mmea unanenepa. Halafu tafuta madaraja: nyasi ndefu, jani la mgomba, tawi la mti wa pili. Likibaki moja tu, grisi yote ni bure. Vumbi likiifunika, paka upya.

4. Piga dawa. Kwa pampu ya lita 20, koroga mafuta ya mwarobaini mililita 100 na sabuni ya maji mililita 100 katika maji kidogo ya vuguvugu, ndipo uijaze pampu maji. Sabuni ya unga usiitumie kamwe, huunguza majani. Jaribu majani machache, ungoje siku mbili. Piga asubuhi umande ukikauka, kwani mvua ya huku huja alasiri. Rudia baada ya siku 10 hadi 14: mayai yamefichwa ndani ya ile pamba, dawa haiyafikii.

Kabla ya kurudia, gusa kwa kijiti wale weupe wenye manyoya marefu. Anayekimbia upesi huenda ni buu wa mdudu anayekula vidung'ata. Mwache.

5. Mmea wenye majani madogo, yaliyojikunja na kuwa na mabaka ya njano, huenda una virusi vinavyoenezwa na vidung'ata. Havina tiba. Ung'oe, na usikate vipando kwake.