Kuchagua matairi ya njia zote kwa pikapu ya zamani: rimu na uzito kwanza, meno baadaye

Mwongozo huu unahusu pikapu zilizotoka kiwandani kati ya miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 2000: chesisi ya ngazi, majani ya springi nyuma, breki za ngoma, rimu za chuma za inchi 14 hadi 16. Injini zake hazina nguvu ya ziada na stelingi nyingi zimeshaanza kulegea. Tairi la A/T (la njia zote) linaloipendezesha pikapu mpya linaweza kuifanya hii ya zamani iwe nzito, ichelewe kusimama na imalize beringi mapema. Ndiyo maana meno ya tairi, ambayo kila mtu huanza nayo, hapa yako hatua ya nne.

Hatua ya 1: Soma kilichoandikwa

Tafuta kibandiko cha kiwandani kwenye nguzo ya mlango wa dereva au ndani ya kitabu cha gari. Andika saizi ya tairi, presha ya mbele na ya nyuma, na uzito wa juu wa kila ekseli. Matairi yaliyopo sasa usiyachukulie kuwa ndiyo saizi halali, kwa sababu gari la miaka thelathini limeshapitia mikono mingi.

Kisha vua gurudumu moja usome rimu. Chapa kama 15x6JJ maana yake kipenyo ni inchi 15 na upana ni inchi 6. Kama rimu ilitengenezwa kwa tairi la tyubu na haina kile kituta kidogo kinachoshikilia ukingo wa tairi, usifunge tyubulesi (tairi lisilo na tyubu) juu yake. Na kama ni rimu ya vipande viwili yenye pete, usiifungue mwenyewe hata ukiwa na zana zote. Pete ikiruka wakati wa kujaza upepo inaua.

Hatua ya 2: Saizi

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa hiyo twende polepole.

Chukua 235/75R15. 235 ni upana kwa milimita, 75 ni asilimia ya upana huo inayofanya urefu wa ubavu, na 15 ni inchi za rimu. Kipenyo: 235 × 0.75 × 2 = 352.5, jumlisha 381 (inchi 15), unapata takriban milimita 734. Ukikuta saizi isiyo na asilimia, kama 205R16, chukulia ubavu wa asilimia 80 hadi 82. Hiyo ina kipenyo cha karibu milimita 734 hadi 743.

Sasa tuseme unatamani 31x10.50R15, yaani kipenyo cha inchi 31, upana wa inchi 10.5 na rimu ya inchi 15. Inchi 31 ni milimita 787, yaani zaidi ya lile la kwanza kwa asilimia 7. Asilimia hiyo 7 inagusa mambo haya:

- Spidomita ikionyesha 100, unakwenda 107. Kilomita za odomita nazo zinapungua.
- Difu ya 4.10 (uwiano wa gia zake) inafanya kazi kana kwamba ni 3.82. Kwenye mlima, ukiwa na mzigo, utarudi gia ya chini mapema, na klachi itaungua zaidi wakati wa kuondoka.
- Breki zilezile zinasimamisha gurudumu refu na zito zaidi. Ngoma za nyuma zilizochakaa zitakuonyesha hilo siku ya kwanza ya mvua.
- Gari linapanda milimita 27 tu, kwa sababu nusu ya ongezeko la kipenyo ndiyo iliyo chini ya ekseli.

Upana ndio mtego mkubwa zaidi. Tairi la 31x10.50R15 linataka rimu ya inchi 7 hadi 9, ilhali pikapu nyingi za zamani zina 5.5 au 6. Fundi atalifunga, na litakaa. Lakini ukingo utakuwa umebanwa ndani, katikati ya tairi patavimba, na meno ya katikati yataisha huku ya pembeni yakibaki mapya. Tairi la 235/75R15 linakubali rimu ya inchi 6 hadi 8. Kila mtengenezaji hutoa jedwali la upana wa rimu kwa kila saizi. Lisome kabla hujalipa.

Ukibadilisha rimu ili kupata upana, angalia ofseti, yaani umbali kati ya mstari wa katikati ya rimu na uso wake unaokaa kwenye habu. Rimu inayosukuma tairi nje inaongeza mzigo kwenye beringi ya nje, inaifanya stelingi ivute kwenye mashimo, na kona ya mbele ya tairi inagonga bampa au madigadi unapokata kona. Spesa za kuongezea nafasi sizipendekezi kabisa kwa studi (boliti za gurudumu) za zamani ambazo hujui zimekazwa kwa nguvu kiasi gani miaka yote hiyo.

Jinsi ya kupima kama tairi jipya litapita:

1. Weka gari mahali tambarare, na mzigo wa kawaida ukiwa nyuma.
2. Pima nafasi kati ya tairi la sasa na chuma au plastiki iliyo karibu zaidi, stelingi ikiwa imenyooka.
3. Kata stelingi hadi mwisho kulia, pima. Kisha kushoto, pima. Usiangalie madigadi peke yake: chunguza upande wa ndani penye mpira wa breki, chesisi na mkono wa chini.
4. Pandisha gurudumu moja la mbele juu ya kigogo imara cha sentimita 20 ili springi ya upande huo ibanwe, kisha rudia vipimo vyote. Hatua hii inarukwa na wengi, na tairi linakuja kusuguana kwenye shimo la kwanza. Geuka upande wa pili nao, maana magari ya zamani huwa yameinama upande wa dereva.
5. Toa nusu ya tofauti ya kipenyo kwenye nafasi ya juu, na nusu ya tofauti ya upana kwenye nafasi ya ndani. Kwa mfano wetu ni milimita 27 na 16. Kinachobaki kikiwa chini ya milimita 15, acha. Tope likishikana humo ndani litakula nafasi yote.

Pima pia kibebeo cha spea chini ya bodi. Tairi refu mara nyingi linagusa bomba la egzosi au halipandi hadi mwisho, na spea inayoning'inia nusu itadondoka siku moja barabarani.

Msimamo wangu ni huu: baki na saizi ya kiwandani, au panda hatua moja isiyozidi asilimia 3 ya kipenyo, na ukiwa na chaguo chukua jembamba refu kuliko pana fupi. Jembamba linakata tope laini hadi kwenye udongo mgumu, halichoshi stelingi isiyo na pawa, na linapita kwenye rimu ulizonazo.

Hatua ya 3: Uzito

Chukua uzito wa juu wa ekseli ya nyuma, gawa kwa mbili. Ekseli ya kilo 1,500 inataka tairi la kubeba kilo 750 angalau. Namba ya uzito kwenye ubavu: 100 ni kilo 800, 104 ni 900, 108 ni 1,000, 112 ni 1,120. Kama saizi inaanza na P, hilo lilikusudiwa gari dogo: gawa uwezo wake kwa 1.1 ukilifunga kwenye pikapu. 104 ya P inabaki karibu kilo 818.

Matairi ya LT (ya malori mepesi na pikapu) yana herufi: C ni plai (kiwango cha nguvu ya tabaka) 6 na presha ya juu ya PSI (kipimo cha presha) 50, D ni plai 8 na PSI 65, E ni plai 10 na PSI 80. Kwa pikapu ndogo au ya kati, C inatosha. E kwenye gari jepesi ni kujitesa: ubavu haunyumbuki, gari tupu linarukaruka kwenye barabara ya makorongo, na shokapu zinakufa. E iwe ya gari linalobeba tani kila siku.

Kumbuka uwezo huo unapatikana kwenye presha kamili. Tairi la C lenye PSI 30 halibebi kilo zilizoandikwa ubavuni.

Hatua ya 4: Meno na ubavu

Kama nusu ya safari zako ni lami, chagua meno yaliyokaribiana yenye vipasuo vidogo vingi. Yanashika lami yenye maji vizuri zaidi. Tope zito linataka mifereji mipana inayojisafisha, na utalipa kwa kelele. Kwenye mawe, soma maandishi ya ubavuni baada ya neno SIDEWALL: plai (tabaka) 3 zinastahimili mikato kuliko 2.

Yokohama Geolandar A/T G015 ningelifunga kwenye pikapu nyepesi ya lami na vumbi. BFGoodrich KO2 ni gumu na zito, zuri kwa mawe, lakini injini ndogo italihisi.

Nunua manne yanayofanana, ikiwezekana matano. Kwenye foa wili isiyo na difu ya katikati, matairi ya vipenyo tofauti yanabana transfa (sanduku la gia linalogawa nguvu mbele na nyuma) hadi inaharibika.

Hatua ya 5: Tarehe

Angalia tarakimu nne za mwisho za DOT, namba iliyochapwa ubavuni mwa tairi: 2319 ni wiki ya 23 ya 2019. Lililozidi miaka mitatu dukani liache. Yaliyotumika usinunue.

Hatua ya 6: Gari lenyewe

Kabla ya kufunga, inua mbele kwa jeki, weka stendi, tikisa gurudumu juu na chini: likicheza ni beringi au boljointi (kiungo cha mpira cha saspensheni). Tikisa kushoto na kulia: likicheza ni tairodi (fimbo ya stelingi). Tengeneza kwanza, la sivyo tairi jipya litaisha kwa mawimbi. Kwangua kutu kwenye rimu pale ukingo unapokaa, weka valvu mpya, fanya balansi na alaimenti.

Hatua ya 7: Presha

Anza na presha ya kibandiko ikiwa saizi na aina ni zilezile. Kwa LT panda PSI 5. Chora mstari mnene wa chaki kwa upana wa meno, endesha mita 50 ukiwa umenyoosha stelingi kwenye lami kavu. Chaki ikifutika katikati tu, punguza. Pembeni tu, ongeza. Ukipakia mzigo, ongeza nyuma bila kuzidi kikomo cha ubavuni. Pima asubuhi tairi likiwa baridi. Kwenye mchanga shuka hadi PSI 18, nenda polepole, na jaza tena kabla ya kurudi lami.

Kaza nati kwa mpangilio wa msalaba kwa kipimo cha kitabu, kaza tena baada ya kilomita 50 hadi 100, na badilishanisha nafasi za matairi pamoja na spea kila kilomita 8,000.