Namna ya Kuthibitisha Jeraha la Ubongo Katika Madai ya Fidia ya Ajali

Abiria wa bodaboda aliyegongwa na gari, akazimia, kisha akaruhusiwa kurudi nyumbani kesho yake bila hata mshono, ana kazi ngumu zaidi mahakamani kuliko aliyevunjika paja. Mfupa uliovunjika huonekana kwenye eksirei na ubishi huishia hapo, ilhali ubongo ulioumia huweza kumwacha mtu akitembea na kuzungumza vizuri, huku akiwa hawezi tena kukumbuka, kupanga mambo wala kuzuia hasira zake. Maelezo haya yanahusu ajali za barabarani Tanzania Bara, na yamekusudiwa zaidi kwa ndugu wa majeruhi, kwa kuwa sehemu kubwa ya ushahidi huwa mikononi mwao kabla wakili hajaingia.

Kisheria, anayedai ndiye anayethibitisha. Katika shauri la madai hatakiwi kuondoa kila shaka kama ilivyo katika kesi ya jinai. Inatosha aonyeshe kwamba maelezo yake yana uwezekano mkubwa wa kuwa kweli kuliko ya upande wa pili. Hata hivyo ni lazima aonyeshe kwamba ubongo uliumia, kwamba uliumia kwa ajali ile iliyosababishwa na uzembe wa mdaiwa, na kwamba maisha yake yamepungukiwa kwa sababu hiyo. Kuhusu uzembe, nakala ya hukumu iliyomtia dereva hatiani katika kesi ya usalama barabarani ina uzito mkubwa, kwa hiyo ifuatilieni mapema.

Ushahidi wa jeraha lenyewe huanza saa za kwanza, na hapo ndipo madai mengi hudhoofika. PF3, yaani fomu ya polisi ambayo daktari huijaza kuhusu majeraha, ikiandikwa tu "majeraha kichwani" haimsaidii mtu. Mwambieni daktari anayeijaza kila mlichokiona: alizimia kwa muda gani, alitapika, aliuliza swali lile lile mara kwa mara, hakumbuki alikuwa akielekea wapi. Hospitalini hali ya fahamu hupimwa kwa kipimo cha Glasgow, ambacho huangalia macho, usemi na mwitikio wa viungo, na alama zake huanzia 3 hadi 15. Kwa kawaida alama 13 hadi 15 huhesabiwa kuwa jeraha dogo, 9 hadi 12 la kati, na 8 kushuka chini jeraha kubwa. Ombeni nakala ya faili lote lenye alama hizo na saa zilipochukuliwa, kwa sababu karatasi ya kuruhusiwa peke yake mara nyingi huzikosa.

Hapa nasisitiza jambo ambalo familia nyingi hukatishwa nalo tamaa bila sababu: picha ya CT-scan isiyo na kasoro haimaanishi kwamba ubongo haukuumia. Kipimo hicho ni kizuri kwa kuonyesha damu iliyovuja na fuvu lililopasuka, lakini nyuzi ndogo za ubongo zilizovutwa na kukatika kwa mtikisiko huweza zisionekane kabisa. MRI, kipimo cha picha kinachotumia sumaku, huona zaidi, ingawa nayo haioni kila kitu. Tena, kwa wazee hasa, damu huweza kujikusanya polepole chini ya fuvu na kuleta dalili wiki kadhaa baadaye, kwa hiyo kichwa kinachozidi kuuma ni sababu ya kurudi hospitali, kwa ajili ya uhai wake kwanza na madai baadaye. Pale ambapo picha hazisemi kitu, mwanasaikolojia tiba anaweza kupima kumbukumbu, umakini na kasi ya kufikiri, na daktari bingwa wa mishipa ya fahamu akaeleza uhusiano wa matokeo hayo na ajali. Maoni ya mtaalamu hayaifungi mahakama. Inayapima kwa sababu alizozitoa. Mtafuteni atakayeandika sababu hizo na kukubali kuja kuhojiwa.

Baada ya hapo onyesheni maisha ya kabla na ya baada. Tuchukue mfano wa fundi cherehani. Daftari lake la oda la miezi ya kabla ya ajali linaonyesha vipimo vilivyoandikwa kwa mpangilio, tarehe za kuchukua nguo na malipo. Kurasa za baada ya ajali zina mteja mmoja aliyeandikwa mara mbili kwa vipimo tofauti, na magauni yaliyorudishwa. Daftari hilo pamoja na mteja mmoja atakayekuja kutoa ushahidi huweza kumwonyesha hakimu kile ambacho picha haikukionyesha. Mwenzi wake naye aandike matukio siku ile ile yanapotokea, kwa tarehe: "Jumanne aliacha maharage motoni akatoka, jirani ndiye aliyezima jiko." Sentensi ya aina hiyo ina nguvu kuliko kusema "amekuwa msahaulifu".

Upande wa bima ya gari lililosababisha ajali utauliza kuhusu pombe, helmeti, kifafa cha zamani au ajali iliyopita. Msifiche chochote, kwa maana faili la zamani likiibuliwa na wao, shahidi hataaminiwa tena hata kwa yaliyo kweli. Ugonjwa wa awali hauyaui madai, mradi daktari aeleze ni kipi kilichozidishwa na ajali.

Gharama za matibabu na nauli ni fidia mahususi, nazo lazima zitajwe moja moja katika hati ya madai na kuthibitishwa kwa risiti. Maumivu na kupungukiwa kwa maisha huingia katika fidia ya jumla, ambayo hakimu huikadiria.

Madai ya namna hii hufunguliwa ndani ya miaka 3 tangu ajali ilipotokea. Ndani ya muda huo, msisaini hati ya kumaliza madai kwa bima kabla daktari hajasema kwa maandishi kwamba hali ya majeruhi imetulia na ulemavu uliobaki ni wa kiasi gani.