Kupima Jeni ya Mgonjwa Ndani ya Inzi wa Matunda

Mtoto ana degedege na amechelewa kutembea. Vipimo vya DNA vimeonyesha herufi moja imebadilika kwenye jeni isiyojulikana vizuri, na wagonjwa wengine wenye badiliko hilo ni wachache mno au hawajapatikana. Je, herufi hiyo ndiyo inayomwumiza, au imekaa tu bila madhara? Swali hilo linaweza kupelekwa kwa inzi wa matunda, Drosophila melanogaster. Karibu robo tatu ya jeni zinazojulikana kuleta magonjwa kwa binadamu zina ndugu zake kwa mdudu huyu, na kwenye joto la nyuzi 25 yai huwa inzi kamili kwa takriban siku 10.

Kabla ya kushika chupa za inzi, tahadhari moja. Wengi wanaoanza huiharibu jeni ya inzi, inzi anaugua, wanashangilia. Umethibitisha kwamba jeni hiyo ina kazi, basi. Kuhusu herufi ya mgonjwa hujasema lolote. Ulinganisho unaotafutwa ni kati ya nakala ya kawaida ya jeni ya binadamu na nakala ya mgonjwa, zote mbili zikiwa ndani ya inzi wa aina moja.

Hatua ya 1: Anza kwenye kompyuta

Ingiza jina la jeni na badiliko kwenye MARRVEL, tovuti inayokusanya taarifa za binadamu na za wanyama wa maabara mahali pamoja. Angalia takwimu za gnomAD, hazina ya mabadiliko ya DNA yaliyoonekana kwa watu wengi: badiliko ambalo watu wengi wazima wa afya wanalo kwa kawaida si chanzo cha ugonjwa adimu. Kisha tumia DIOPT, chombo cha mtandaoni cha kulinganisha jeni za viumbe, kumpata ndugu wa jeni hiyo kwa inzi, na uhakikishe kwamba kipande cha protini chenye badiliko kinafanana kwa wote wawili. Hatua hii huokoa miezi.

Hatua ya 2: Tafuta inzi na ujenge nakala

Usitengeneze kilichokwisha kutengenezwa. Hazina ya Bloomington huko Indiana, Marekani, ina makumi ya maelfu ya aina za inzi. Unachotamani ni inzi mwenye T2A-GAL4 ndani ya jeni yako. Kipande hicho hufanya kazi mbili kwa mpigo: hukatisha jeni ya inzi, na hutoa protini ya GAL4 palepale jeni hiyo ingefanya kazi. GAL4 asili yake ni hamira. Andrea Brand na Norbert Perrimon waliieleza kama chombo cha kuwashia jeni ndani ya inzi mwaka 1993. Inapokuta UAS, kipande cha DNA kinachofanya kama swichi yake, huiwasha jeni iliyofungwa nyuma yake.

Nyuma ya UAS weka jeni ya binadamu: inzi mmoja apate nakala ya kawaida, mwingine nakala ya mgonjwa. Zote mbili ziingizwe mahali pamoja kwenye kromosomu, kwa kutumia attP, kituo maalumu cha kuingizia DNA kwenye kromosomu ya inzi. Zikikaa mahali tofauti, moja inaweza kuwaka zaidi ya nyingine, nawe ukadhani ni kazi ya badiliko.

Hatua ya 3: Pandisha

Majike lazima wawe bikira, kwa sababu jike huhifadhi mbegu za dume wa awali. Kwenye nyuzi 25, wakusanye ndani ya saa 8 tangu watoke kwenye pupa. Bikira mchanga ana rangi hafifu na doa jeusi linaloonekana tumboni. Mimi niliwahi kuamini macho yenye usingizi, nikachanganya jike mmoja aliyekwisha pandwa. Wiki tatu zikaenda na maji. Sasa majike nawatenga siku tatu kwanza, na chupa ikionyesha mabuu naitupa.

Tuseme jeni iko kwenye kromosomu ya pili, na inzi asiye nayo hufa. Wazazi wote wawili wabebe T2A-GAL4 upande mmoja na CyO upande wa pili. CyO ni kromosomu yenye alama ya mabawa yaliyokunjika, na anayerithi CyO mbili hufa. Mzazi mmoja awe pia na UAS kwenye kromosomu ya tatu, jozi kamili, ili kila mtoto apate moja.

Sasa hesabu. Mabawa yaliyonyooka yana maana kwamba jeni ya inzi haipo kabisa na anayeishi anaishi kwa jeni ya binadamu. Nakala ya binadamu ikimwokoa inzi kikamilifu, theluthi moja ya watoto watakuwa hivyo: kati ya 300, takriban 100. Nakala ya kawaida ikileta 95 na ya mgonjwa 4, umepata kitu. Waondoe wazazi mapema na uache kuhesabu siku ya 18, vizazi visichanganyike.

Hatua ya 4: Wakiishi wote, wapime mwendo

Wapumzishe siku nzima baada ya gesi ya kaboni dioksidi inayotumika kuwalaza. Gonga chupa, hesabu wanaopanda sentimita 8 ndani ya sekunde 10. Kwa degedege, tikisa kwa mashine sekunde 10 na upime muda wa kusimama tena; inzi mzima huinuka mara moja. Mpimaji asijue chupa ipi ni ipi. Hata mtu mwaminifu huona anachotamani.

Hatua ya 5: Soma matokeo bila haraka

Nakala ya mgonjwa ikishindwa kuokoa, badiliko linapunguza kazi. Ikiokoa vizuri, usifunge jalada: iwashe kwa inzi mwenye jeni zake zote. Ikimdhuru huku ya kawaida haimdhuru, badiliko limeipa protini tabia mbaya, na dawa ya kuongeza kazi ya jeni ingeweza kumzidishia mgonjwa. Zote mbili zisipookoa, jeni ya binadamu haifai nafasi hiyo. Weka badiliko kwenye jeni ya inzi yenyewe.

Kwenye ripoti andika "badiliko linapunguza kazi ya jeni", si "tumepata ugonjwa". Daktari atalipima pamoja na dalili na DNA ya wazazi, kisha aamue.